Mwangwi wa Kumfichia Kadogo

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao, mguu mmoja tumeuwekea tofali, na limekaa katikati ya milango miwili: huku meza yangu ya kushonea viatu, kule chumba cha Waya. Waya ni dada wa miaka thelathini na ushei, anatengeneza simu, na nyuma ya pazia ana kompyuta, maiki moja na magodoro mabovu aliyoyapigilia ukutani ili makelele ya barabarani yasiingie. Huko ndiko anakorekodi watu. Kahawa tunanunua birika zima asubuhi, na likiisha ndipo kila mtu anakumbuka kwamba ana kazi. Mimi wananiita Soli. Subira sina, nasema mapema, na ukiniuliza mara mbili kiatu chako kitakwisha lini nakurudishia kiatu chako na ndala ya kuondokea.

Asubuhi hiyo kazi zilisimama kwa sababu ya Kinanda.

Kinanda ni rafiki yangu wa siku nyingi. Alipiga kinanda kwenye bendi za hotelini na za maharusi miaka thelathini. Kinanda chake chenyewe, cheusi, kizito mpaka kibebwe na watu wawili, kilikufa mwaka juzi na spea zake hazipatikani popote. Waya akamtafutia cha kuigiza, ambacho kiko ndani ya kompyuta. Kwenye kioo unaiona picha ya kile kile cheusi na vitufe vyake vyote, halafu unabonyeza kibao chembamba cha plastiki kilichochomekwa pembeni, na sauti inayotoka ni ile ile ya enzi zile. Siku ya kwanza Kinanda alipoisikia alitoka nje akajifanya anapenga kamasi. Na mimi nilikuwa nimeguswa.

Sasa, miezi sita iliyopita mwenzetu alipatwa na kiharusi. Alilazwa siku tisa. Mdomo ukarudi mahali pake, mguu ukarudi, lakini mkono wa kushoto ulirudi nusu. Unashika kikombe, unafunga kifungo, ila vidole viwili vya mwisho huwa vinafikiria kwanza kabla ya kutii. Na mwanawe wa pekee, Kadogo, ambaye alimlea peke yake tangu mama mtu atangulie mbele ya haki, anaishi na mumewe nchi nyingine. Wakati baba anaumwa, yeye alikuwa na mimba ya miezi miwili, na kabla ya hiyo zilishamtoka mbili. Daktari alimwamuru alale, asishtuke, asisafiri. Tukakubaliana kijiwe kizima kwamba habari ya kiharusi isimfikie.

Hapo ndipo tulipoanza kudanganya, na tulidanganya kwa moyo mmoja. Siku zile tisa alipopiga simu, mimi nilimwambia baba yake yuko bafuni. Profesa, ambaye alikuwa mtunza stoo wa shule mpaka alipostaafu, alimwambia amekwenda kung'oa jino. Breki, dereva wa malori aliyeacha usukani kwa sababu ya mgongo, alimwambia eti wako wote chini ya lori wanafungua gia. Kinanda mwenyewe alipotoka hospitali akawa anapiga simu za video kwa mkono wa kulia, uso peke yake, na sauti nzito akaisingizia mafua. Mafua ya miezi sita. Binti mwenye akili zake akanyamaza, nasi tukajiona wajanja.

Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, njiti, akawekwa kwenye mashine ya joto wiki tatu. Siku hiyo ninayosema ndiyo aliyokuwa anaruhusiwa kwenda nyumbani. Kadogo alikuwa ameomba kitu kimoja tu kwa baba yake. Utotoni alikuwa halali mpaka apigiwe kawimbo fulani ambako Kinanda alikatunga mwenyewe, hakana hata jina. Alitaka baba yake amrekodie hako hako, kwa sauti ya kile kile cheusi, mwanawe akalalie. Ameomba mara tatu. Mara mbili baba alimwambia kompyuta ina virusi.

Basi Waya akatoa spika ndogo, akaiweka dirishani ili na sisi wa nje tusikie. Kinanda akaingia ndani, akapiga. Mkono wa kulia ulikwenda kama zamani, jamani, ule mkono haujazeeka. Lakini kila mzunguko, panapofika mahali ambapo kushoto kunapaswa kushuka noti tatu, ya kwanza inakuja, ya pili inakuja, ya tatu haiji. Unaisubiri. Halafu inakuja, imechelewa, kama mtu aliyekumbuka kitu akiwa ameshafika mlangoni.

Waya akaturudishia tusikilize. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

— Ni hiyo kompyuta, akasema Kinanda kutoka ndani. Inachelewa.

Mimi si mtu wa mitambo, lakini Waya aliwahi kunieleza habari hiyo. Kweli kompyuta huchelewa kidogo: unabonyeza, sauti inatoka baada ya nukta. Lakini ikichelewa, inachelewesha mikono yote miwili sawasawa. Haina chuki na wa kushoto. Waya anayajua hayo kuliko mimi, na bado alisema ngoja arekebishe, akabofya-bofya mahali, akasema tayari. Sikuona kitu chochote kilichobadilika kwenye kioo kile. Nikajua naye amejiunga na chama chetu.

Kinanda akapiga tena. Noti ya tatu ikachelewa pale pale.

Ndipo Profesa akauliza kama hakuna dawa ya kuvifanya vitu vishikane, visikike vimeyeyukiana. Waya akasema upo mwangwi. Akatueleza, na ninaeleza kama nilivyoelewa. Kuna vitu viwili. Kuna geini, hiyo ndiyo kiasi cha sauti unachokiruhusu kuingia. Ikiwa ndogo, kinanda kinanong'ona na unasikia mvumo wa nyaya tu. Ikizidi, taa nyekundu inawaka na sauti inapasuka, inakwaruza. Halafu kuna mwangwi, ule mrudio wa sauti kama umepigia kwenye ukumbi. Kidogo unapendeza. Ukizidi, noti ya kwanza haijaisha kulia na ya pili imeshakuja juu yake, hujui ipi ni ipi.

— Hujui ipi ni ipi, akarudia Profesa. Si ndicho tunachokitafuta?

Waya akazungusha mwangwi mpaka nusu. Kinanda akapiga. Kweli, noti ya tatu ikazama kidogo kwenye mavumo ya zile mbili. Tukatikisa vichwa, tukamiminiana kahawa. Lakini mwangwi nao ni sauti, unaongeza uzito, na taa nyekundu ikawaka. Waya akashusha geini. Geini ikishuka, kawimbo kote kakarudi nyuma, kakawa kama redio ya jirani. Breki akataka kapandishwe. Kakapandishwa, taa ikawaka, na noti ya tatu ikatokeza kichwa tena.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Profesa. Ongeza mwangwi, punguza geini, ongeza tena. Mwisho zitakutana.

— Zitakutana wapi? nikamuuliza.

— Katikati.

— Profesa, wewe ulikuwa unagawa chaki.

Hakujali. Akasema debe tupu haliachi kuvuma, na kwa hiyo, kama ni mvumo unatakiwa, tuiweke spika ndani ya debe tupu na maiki juu yake, tutapata mwangwi wa asili usiowasha taa. Nilimwambia methali hiyo inawahusu watu wa aina yake. Breki akaiona hoja ya debe lakini akaona ni ndogo. Yeye alikumbuka lile tangi la maji lililopasuka nyuma ya gereji, la lita elfu tano, mtu anaingia wima. Akasema Kinanda aingizwe mle na kile kibao chake, maiki ininginizwe juu ya mfuniko. Akaapa kwamba aliwahi kupiga chafya ndani ya tangi la lori la mafuta lililooshwa na chafya ikamjibu mara saba.

Waya akauliza umeme utafikaje tangini. Breki akasema hayo ni mambo madogo madogo.

Na mimi, nisijifanye nilikuwa mwenye busara. Mimi nilikuja na langu. Nilisema shida ni mahali pamoja tu kila mzunguko. Basi mimi nikae mlangoni na nyundo, na ikifika ile noti ya tatu nigonge soli mara moja, ko. Kadogo ameukulia mtaa huu, akisikia nyundo yangu atajua ni Baba mdogo Soli yuko kazini, atacheka, hatasikiliza vidole. Tukajaribu. Nikawahi mara ya kwanza, nikachelewa mara ya pili, na mara ya tatu nikagonga kidole changu. Sitasema nilichosema. Kilirekodiwa, Waya akakifuta.

Breki ndiye aliyeleta la mwisho, na ndilo lililotumaliza. Aliuliza kama inawezekana kuikata mikono. Akaona nimemkodolea macho, akajieleza: wa kulia uwe na geini yake, wa kushoto yake. Waya akakubali inawezekana; kinanda kile kinagawika katikati, kila upande na sauti yake. Breki akasema basi wa kulia ukae mbele, na wa kushoto ushushwe geini mpaka chini kabisa, halafu hiyo sauti ndogo iliyobaki izamishwe kwenye mwangwi wote uliopo duniani. Injini ikigonga, alisema, dereva anapandisha redio.

— Na injini inakuwaje? akauliza Waya.

— Inafika, wakati mwingine.

Hapo Profesa akainua kidole kama kawaida yake. Akaanza, wahenga walisema mficha maradhi. Akaishia hapo. Katika miaka yote niliyokaa naye benchi moja sijapata kumsikia Profesa akitoa methali iliyokaa mahali pake, na siku ilipomjia yenyewe, aliimeza. Akachukua kikombe akanywa kahawa ambayo haikuwemo.

Waya akavuta pazia, akasimama mlangoni, akamgeukia Kinanda badala ya sisi. Mzee wetu alikuwa amekaa kwenye kistuli, mkono wa kushoto ameufumbata kwapani kama mtu anayesikia baridi, na jua lilikuwa kali.

— Baba, hawa wamesema sana. Wewe mwenyewe unautakaje wimbo wako?

Kinanda aliufumbata mkono zaidi.

— Nataka asijue, akasema.

— Lakini ameshajifungua. Salama.

— Ndiyo. Na sasa nitamwambia nini? Kwamba miezi sita nilimdanganya? Atafunga mizigo na kichanga cha wiki tatu. Namjua. Mimi ndiye niliyemlea.

Basi tukafanya tulichokijua. Waya akashusha wa kushoto, akapandisha wa kulia mpaka pale taa inapokaribia kuwaka lakini haiwaki, akamwaga mwangwi. Kinanda akapiga mara ya mwisho. Ukitoka dirishani ulikuwa wimbo mtamu, sikatai. Ulikuwa kama unapigwa na malaika kwenye ukumbi mtupu. Noti ya tatu hukuisikia. Ya pili pia, na ya kwanza. Tukampongeza. Breki akampiga begani, Profesa akasema mgeni njoo mwenyeji apone, sijui alimaanisha nini. Waya akamtumia Kadogo wimbo kwa simu ya baba yake, huku uso ameukunja.

Birika lilikuwa limekwisha zamani. Siku nyingine saa hizo kila mtu angekuwa ameshakumbuka kazi yake. Hakuna aliyeinuka. Nilishika kiatu cha mteja nikakishona mahali ambapo hapakuwa pamechanika.

Simu ikaita.

Ilikuwa ya sauti, si ya video. Kinanda akaiweka juu ya benchi, akabonyeza ili wote tusikie, nadhani aliogopa kuwa naye peke yake. Kadogo akatusalimia wote, mmoja mmoja, kwa majina yetu ya kijiweni, shikamoo yake kwa kila mtu. Alisema wamefika nyumbani. Mtoto amelala. Amemwekea wimbo mara mbili. Alishukuru vizuri, kwa adabu, na nikaanza kupumua.

Halafu akauliza.

— Baba, mkono wa kushoto uko wapi?

Aliuliza polepole tu, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi.

Breki aliangalia viatu vyake. Nilimtazama Profesa nikitumaini atabwata chochote, hata cha ovyo, naye alinitazama mimi akitumaini hivyo hivyo. Mimi ndiye niliyesema baba yuko bafuni. Mimi ndiye mwenye ulimi mrefu. Nilitafuta uongo mmoja mdogo nikakuta umekwisha kama kahawa. Niliona aibu, na aibu yangu haikuwa ya kugundulika. Nilimwonea huruma yule binti aliyekuwa amekaa miezi sita anasikia mafua, anajua si mafua, na anatuachia tumdanganye kwa sababu alidhani sisi ndio tunaouhitaji huo uongo.

— Kulia ni wewe, akaendelea. Nimekujua. Lakini kule chini hakuna mtu. Wimbo wote umesimama kwa mguu mmoja. Nilikuwa nalalia kushoto mimi, Baba. Wa kulia ulikuwa unanifurahisha tu.

Kinanda akautoa mkono kwapani, akautazama kana kwamba ndio ulioulizwa.

— Ngoja, akasema. Usikate.

Akainuka na simu, akaingia ndani. Tukamfuata mpaka kwenye pazia, tukajazana pale kama watoto kwenye dirisha la mwenye televisheni. Aliiweka simu mbele ya spika, kando ya maiki. Akamwambia Waya atoe mwangwi.

— Wote?

— Wote. Na wa kushoto urudi ulipokuwa.

Waya akazungusha mwangwi mpaka sifuri. Akarudisha wa kushoto, akaushusha wa kulia kidogo usiumeze mwenzake. Chumba kikawa kikavu, ukasikia hata feni ya kompyuta. Bila mwangwi hakuna pa kujificha, kila noti inasimama peke yake na jina lake. Kinanda akapangusa viganja kwenye suruali, akaanza.

Ya kwanza. Ya pili. Kimya. Ya tatu.

Kwenye simu nilisikia pumzi ikivutwa. Kinanda alisikia pia, maana mabega yalimpanda, lakini hakuacha. Akaingia mzunguko wa pili. Ya kwanza, ya pili, na pale pale pakavu, pa wazi, ambapo asubuhi nzima tulikuwa tunapatupia mwangwi na nyundo na tangi la lita elfu tano, mkono ukachelewa tena.

— Ni kiharusi, mwanangu, akasema bila kuacha kupiga. Tangu ulipokuwa na mimba changa. Nimepona. Ila huu ndio uliobaki.

Nilimsikia Kadogo analia, na sikumlaumu, na Breki kando yangu alikuwa anajifuta na kitambaa cha kufutia oili. Nilingoja aseme anakuja, au aseme mmenifanyia nini, maana tulistahili. Nilikuwa nimeshajiandaa kutukanwa.

Badala yake, mzunguko wa tatu ulipoanza, alianza kuimba. Hakuwa na maneno, wimbo ule hauna maneno, ilikuwa sauti tu ya chini, imejaa machozi, ikifuata mkono wa kushoto. Alishuka noti ya kwanza pamoja na baba yake. Akashuka ya pili. Na ilipofika ya tatu aliwahi, akafika peke yake, akasikia kwamba baba hajafika.

Mzunguko wa nne hakuwahi. Alishuka ya kwanza, akashuka ya pili, akaishikilia hiyo ya pili, akaivuta, akakaa nayo pale kwa utulivu mpaka kile kidole kidogo kilipotii, ndipo wakashuka wote wawili kwa wakati mmoja.

Waya alikuwa ameinama kwenye kompyuta, mkono juu ya geini ya maiki, anaishusha nukta moja ili sauti ya Kadogo isipasuke. Nikaona taa ndogo ya kurekodi inawaka, na sijui aliibonyeza saa ngapi.